Nafasi ya Arobaini na Saba

Mwaka ule nilirudi shuleni Januari nikiwa mtaalamu. Nilikuwa nimekaa siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Arusha, nikala sambusa, nikapewa begi la kitambaa, kalamu iliyogoma kuandika siku hiyohiyo, na cheti. Kuanzia hapo nikawa mwalimu wa hamasa. Mkuu wa shule alinitambulisha mstarini, akasema sasa hakuna mwanafunzi atakayekata tamaa tena, maana amepatikana mtu wa kushughulikia jambo hilo. Wanafunzi wakapiga makofi huku viganja vyao vimefichwa ndani ya mikono ya masweta, kwa hiyo hayakusikika vizuri.

Shule yenyewe ni ya kata, iko kwenye miteremko ya Mlima Meru upande wa Nkoaranga, mahali ambapo migomba na kahawa ya watu inaanzia pale uzio wetu unapoishia. Mimi nakaa Sekei, na kwetu hasa ni Kilimanjaro, jambo ambalo wenyeji wa pale hawakuniacha nilisahau. Nilikuwa nafundisha Jiografia, na nilikuwa mwalimu wa darasa wa kidato cha pili: watoto sitini na mmoja, wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Umri huo una mambo yake. Ukiwabembeleza wanakuona mshamba, ukiwatisha wanakuona mshamba zaidi. Januari wanakuja na viatu vipya na daftari zilizofungwa majalada ya magazeti, na kila mmoja anataka kuwa daktari. Ikifika katikati ya Februari, daftari la Hisabati limeshakuwa la kuchorea wanamuziki, na daktari anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi. Novemba kuna mtihani wa taifa. Ukiushindwa unarudia darasa, au, kama nyumbani wamekuchoka, hurudii kitu chochote.

Basi nikaanza kazi. Nilibandika ukutani chati ya nyota za karatasi ya dhahabu, kila anayefanya vizuri anapata yake. Ukungu wa kule haujali cheti cha mtu. Kufikia Machi gundi ilikuwa imelegea na nyota zote ziko sakafuni, za wenye bidii na za wavivu, zinafagiliwa pamoja na maganda ya miwa. Nikamwalika mhamasishaji kutoka mjini. Kijana wa watu alikuja na viatu vilivyochongoka mbele na kipaza sauti chake mwenyewe, kwenye chumba ambacho ukikohoa mbele wa nyuma anakupa pole. Aliwaambia wafumbe macho waione kesho yao. Halafu akawafanya wapige kelele "Mimi ni bingwa" mara kumi, mpaka ng'ombe wa jirani wakaitikia. Nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba hamasa imepanda.

Kipindi kilichofuata, msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa alinyoosha mkono.

"Mwalimu, bingwa wa nini?"

Nikamwambia akae chini.

Huyo msichana ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa mrefu, mkimya, anaishi na bibi yake juu kabisa, kwenye zile njia za miguu ambazo mvua ikinyesha unashuka ukiwa umekaa. Shangazi yake, binti wa huyo bibi, alikuwa na saluni Engutoto, kule mjini, na ndiye aliyemnunulia sare na kila kitu cha shule. Msichana hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Wale wanaokaa nyumba ya tatu kutoka getini ndio walikuwa wachelewaji wakubwa, yeye wala. Na katika mtihani wa Februari alikuwa wa hamsini na nane kati ya sitini na moja. Nyuma yake walikuwepo watatu: mmoja alikuwa amelazwa, mmoja alishahamia Babati ila jina lilikuwa halijafutwa, na wa tatu aliusinzia mtihani mzima. Yaani ukiondoa wagonjwa, wasiokuwepo na waliolala, alikuwa wa mwisho.

Na mwisho, katika darasa langu, palikuwa mahali pa kukaa kweli. Huo ndio ulikuwa ubunifu wangu mkuu. Hotelini hawakunifundisha, niliutoa kichwani mwangu, na niliuonea fahari kuliko cheti. Nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, nikaandika namba kwenye kila kiti. Kiti namba moja kilikuwa mbele, dirishani, kwenye mwanga. Namba zikaenda zikirudi nyuma hadi mlangoni, ambako upepo wa mlimani unaingia bila hodi. Kila baada ya mtihani, kila mmoja anahamia kiti cha nafasi yake. Niliwaambia, "Hapa hakuna kubebwa. Kiti chako unakipanda mwenyewe." Nikawaambia pia kwamba mimi nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa wa kwanza, mwaka mzima. Kule hotelini walisisitiza kwamba mwalimu awe mfano hai.

Machi tukafanya kikao cha wazazi. Nilipewa nusu saa, nikatumia saa nzima. Niliwaeleza wazazi, wengi wao wamekuja na matope ya shamba miguuni, kwamba mtoto hasomi kwa sababu nyumbani hana lengo. Mpe lengo, nikasema. Mpe lengo lenye namba. Na mwambie kabisa akilikosa litampata nini, halafu usirudi nyuma. Nilikuwa na kidole hewani wakati nasema hivyo. Nakiona mpaka leo.

Shangazi wa yule msichana akasimama. Mwanamke mnene kiasi, kilemba kimekaa sawasawa, sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mashine za kukaushia nywele.

"Mimi nimemwelewa mwalimu," akasema. "Huyu mtoto wa kaka yangu ni wa hamsini na nane. Mtihani wa Juni akiingia nusu ya kwanza, anaendelea na shule. Asipoingia, Julai anakuja kwangu Engutoto, anilelee mtoto na kufagia saluni. Nimesema mbele zenu."

Wazazi wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nikaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio wa wazazi ulikuwa wa kuridhisha. Msichana alikuwa nje na wenzake wanapanga masufuria ya makande, na dirisha lilikuwa wazi.

Aprili na Mei zikapita. Sasa hivi ndiyo nakumbuka vitu nilivyoviona wakati ule bila kuvitia maanani. Nilikuwa namkuta darasani asubuhi kabla ya mtu yeyote, amejifunga mtandio kichwani kwa sababu ya ule upepo wa mlangoni, anarudia maswali ya Hisabati kwenye daftari la mistari minne alilokuwa nalo tangu shule ya msingi. Alimwomba mwalimu wa Biolojia mitihani ya zamani. Aliniuliza swali la mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko kwenye ramani, mara tatu kwa siku tatu, swali lilelile, mpaka siku ya nne hakuniuliza tena. Na mimi, mwalimu wa hamasa, niliona nini? Niliona maskini ya Mungu anajitahidi. Nikamhurumia. Kumhurumia mtu ni rahisi, hakukulazimishi umwangalie.

Juni tukafanya mtihani. Karatasi zikasahihishwa, wanafunzi wakarudishiwa, na walimu wa masomo wakaniletea alama niziingize kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo ndiyo inayopanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Nilikuwa naingiza mstari baada ya mstari, mpaka nikafika kwenye jina lake. Moyo ukanilegea. Nikaiona saluni, nikauona ufagio, nikamwona na mtoto wa shangazi mgongoni. Sikujumlisha alama zake. Sikuona sababu, si nilishamjua. Nikamwongezea kumi na tano Historia, ishirini Kiswahili, kumi na nane Biolojia, na kidogokidogo kwingineko. Jiografia, ambayo ni somo langu, nilimpa kwa moyo mweupe kabisa. Halafu nikaiamuru kompyuta ipange.

Wa ishirini na tisa. Nusu ya kwanza, na wala si juu sana hadi watu washtuke. Nilijiona mwema siku ile, siwezi kuficha. Nilirudi Sekei nikanunua nyama.

Ijumaa ya kufunga shule wazazi wakaja kuchukua ripoti. Shangazi aliisoma, akaisoma tena, akapiga kigelegele kimoja kirefu pale kwenye veranda mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Bibi, mzee mdogo wa umbo, koti la sufu hadi magotini, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. "Mwanangu," akasema, "umetufanyia kazi." Alikuwa amenibebea mkungu wa ndizi. Nikaupokea. Msichana aliishika ripoti muda mrefu, akaniangalia, akaiangalia tena. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Kidato cha pili, kwa kuwa ni darasa la mtihani, hawakwenda likizo moja kwa moja. Walibaki wiki mbili za masomo ya ziada. Jumatatu nikawahamisha viti kulingana na matokeo mapya, na yeye akaenda kukaa namba ishirini na tisa, katikati ya darasa, mbali na upepo. Alikaa kwa upande, makalio nusu, kama kiti ni cha watu.

Siku hiyo saa tisa alasiri nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha walimu, namenya ndizi za bibi yake. Zilikuwa zimeanza kuiva vizuri. Akabisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, wa ishirini na tisa."

Hakucheka. Alikuwa amebeba karatasi zake zote za mtihani, zimekunjwa vizuri, na lile daftari la mistari minne.

"Mwalimu, mmekosea. Mimi si wa ishirini na tisa."

Nilikasirika, na sitajikosha. Nilimwambia kompyuta haikosei. Nikamwambia ana kiburi, wenzake wakipewa wanashukuru, yeye anakuja kukagua. Alisubiri nimalize. Halafu akaweka karatasi zake mezani moja moja, kila moja na alama yake kwa wino mwekundu, na pembeni akaweka ripoti yangu. Historia ya karatasi na Historia ya ripoti zilikuwa hazijawahi kukutana.

"Jana tulikwenda kanisani," akasema. "Shangazi alipanda kutoka mjini. Wametoa shukrani. Bibi ametoa jogoo, shangazi ametoa mkungu wa ndizi na unga. Wakanisimamisha mbele ya madhabahu. Mzee wa kanisa akawaambia watu mimi nimekuwa wa ishirini na tisa, watu wote wakapiga makofi. Mimi nilikuwa najua si kweli. Nimesimama pale, mwalimu, najua."

Nilikuwa bado nimeshika ndizi. Nikaiweka chini, nikafunga mlango.

"Sikiliza, mwanangu," nikasema, sasa kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wakishindwa. "Nilifanya hivyo kwa ajili yako. Shangazi yako alisema nini Machi? Unataka kwenda kufagia nywele za watu?"

"Sitaki."

"Sasa shida yako nini? Ukweli ungekupeleka Engutoto."

"Mwalimu, hujaangalia."

"Sijaangalia nini?"

Akafungua daftari nyuma. Alikuwa ameandika majina ya darasa zima, sitini na moja, na mbele ya kila jina jumla ya alama. Alikuwa amemwuliza kila mmoja, mmoja mmoja, kwenye mstari wa makande. Ya yule aliyehamia Babati aliiandika sifuri. Msichana huyu, ambaye kwenye kitabu changu cha maendeleo nilikuwa nimeandika kwamba hana uwezo wa namba, alikuwa amezipanga zote kwa mkono, kubwa kwenda ndogo, bila kukosea hata moja. Nilihakikisha baadaye kwa kompyuta. Kidole chake kikashuka, kikapita thelathini, kikapita arobaini, kikasimama.

"Mimi ni wa arobaini na saba," akasema. "Nilikuwa wa hamsini na nane. Nimepanda kumi na moja."

Nikalivuta daftari karibu yangu.

"Kumi na moja ni zangu," akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Hizi nyingine umenipa wewe. Sasa hata zangu hazionekani. Bibi hajui kama nimepanda kumi na moja. Hakuna anayejua. Na wengine kumi na wanane umewashusha moja moja."

Nilijisikia vibaya sana. Nisitafute neno zuri, ni hilo: vibaya sana. Miezi sita nilikuwa nimepiga kelele za bidii, nikamlipa mtu wa viatu vilivyochongoka, nikapaka viti rangi ya kucha zangu mwenyewe. Halafu mtoto mmoja kati ya sitini na mmoja akafanya kilekile nilichokuwa nakihubiri, akakifanya kwenye upepo, bila nyota. Na mimi nikakifuta kabla sijakisoma.

"Ukweli ukijulikana," nikamwambia, "shangazi atakuchukua."

"Najua."

"Unataka nifanye nini?"

"Nataka zangu, mwalimu."

Kesho yake baada ya vipindi nilipanda naye kwao. Ile njia nilikuwa siijui. Nimefundisha mistari ya kontua miaka minane bila kuipanda hata mmoja kwa miguu. Nilisimama mara nne kupumua na yeye akawa ananisubiri bila kunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Nyumba yao ilikuwa katikati ya kahawa. Bibi alifurahi kuniona, akaniletea kikombe cha loshoro, yale mahindi kwenye maziwa ya mgando, akaketi mbele yangu akisubiri habari njema nyingine. Shangazi alikuwepo, alikuwa hajarudi mjini. Nikaeleza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yakanikimbia, nikasema tu kwamba nimedanganya alama, naye msichana akawafungulia lile daftari, kidole kwenye arobaini na saba.

Shangazi alikiweka sawa kilemba chake. Halafu akauliza polepole, "Mwalimu, unajua juzi nilisimama wapi?"

"Ameniambia."

"Nimesimama mbele ya Mungu na mkungu wa ndizi na unga. Wateja wangu nimewaambia. Mume wangu nimemwambia. Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Uliweka sharti la nusu ya kwanza. Nilikuwa nataka abaki shule."

"Hilo sharti nililitoa wapi?" Sasa alikuwa amesimama. "Mimi ni msusi, mimi najua nini habari za malengo? Si wewe uliyesimama na kidole chako, ukasema mpe mtoto namba, mwambie kitakachompata, usirudi nyuma? Nilirudi nyumbani sijalala, najiuliza kwa nini nimesema vile. Lakini nilishasema mbele za watu. Ningerudije nyuma, na mwalimu kakataza?"

Kikombe cha loshoro kilikuwa bado kimejaa mkononi mwangu. Naam, lilikuwa langu lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimtengenezea mtoto kitisho, kisha nikamtengenezea uongo wa kumwokoa na kitisho, na katikati nikawa napokea ndizi.

"Na neno langu bado liko palepale," shangazi akasema. "Nusu hajaingia. Julai anakuja kwangu. Mimi si mtu wa kusema leo hivi kesho vile, watu wakanicheka."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliangalia tu kule kwenye kahawa, na mimi nilitamani nimchukue nikimbie naye, niende wapi sijui.

Hapo ndipo bibi akazungumza. Kwanza alisema kwa Kimeru na binti yake, maneno machache, sikuyaelewa. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, yule mzee wa kanisa alitangaza kwa sababu ya karatasi yako. Jumapili uje uitangaze wewe mwenyewe. Huyu naye," akamwonyesha shangazi kwa kidevu, "akiona mwalimu mzima amerudisha neno lake mbele za watu na hajafa, labda na yeye ataweza."

Shangazi akasonya, lakini hakubisha.

Msichana alinisindikiza kushuka mpaka pale njia inapogawanyika. Halafu akaniuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, ni kweli ulikuwa wa kwanza?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea.

"Nilikuwa wa thelathini na sita," nikasema. "Tulikuwa arobaini."

Akafikiri kidogo. "Ulikuwa unakaa wapi?"

"Popote. Enzi zetu viti vilikuwa havina namba."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi juu.

Wiki ile nilirekebisha matokeo. Mwalimu wa taaluma alicheka hadi akafuta machozi, mkuu wa shule hakucheka, akanitaka niandike maelezo. Cheo cha hamasa alipewa mwalimu wa Biolojia, akakikataa, na hadi leo hakina mtu. Wanafunzi kumi na wanane walirudishiwa nafasi zao. Mmoja tu ndiye aliyekuwa amegundua, akasema alidhani ni mafua yaliyomfanya afeli.

Jumapili nikaenda. Nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikakaa benchi la nyuma. Baada ya matangazo mzee wa kanisa akaniita. Sijawahi kuona kanisa refu vile. Nikasimama palepale aliposimamishwa yule msichana, nikasema mimi ni mwalimu wake, na wiki iliyopita mlitangaziwa kwamba ni wa ishirini na tisa. Si kweli, na aliyedanganya ni mimi, si mtoto wala familia yake. Februari alikuwa wa hamsini na nane. Sasa ni wa arobaini na saba. Nilitaka kuongeza kitu kuhusu bidii, nikaona niishie hapo.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma, uso umeniwaka moto, nikamwona bibi anatoka kwenye benchi lake. Msichana alikuwa nyuma yake na mkungu wa ndizi kichwani, mkubwa kuliko nilioula mimi. Wakaja mpaka mbele. Bibi hakuomba kipaza sauti.

"Wiki iliyopita tulishukuru kwa kitu ambacho hakikuwa chetu," akasema. "Leo tumeleta shukrani ya kwetu. Mtoto amepanda kumi na moja."

Nyuma yangu mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kama amewahi kusikia mtu anashukuru kwa nafasi ya arobaini na saba. Mwenzake akamjibu, mbona sisi huwa tunashukuru hata kwa manyunyu. Kisha mtu akaanza kupiga makofi, nadhani wanawake wa kwaya, na safari hii nilimwangalia msichana usoni wakati yanapigwa. Alikuwa amenyanyua kichwa, kadiri mkungu ulivyomruhusu.

Ibada ilipoisha, mnada wa sadaka ukafanyika nje kwenye nyasi kama kawaida yao. Mayai yakaenda, maparachichi yakaenda. Mkungu ulipoinuliwa, shangazi akautaka. Mzee mmoja akapanda dau, shangazi akapanda juu yake. Wakashindana mpaka watu wakaanza kucheka, na shangazi hakucheka, akaendelea kupanda mpaka yule mzee akainua mikono. Akaubeba mwenyewe begani, na kilemba chake kile, akanipita. Kisha akasimama.

"Mtoto wa kunifagilia saluni nitatafuta mwingine," akasema. "Desemba nakuja shuleni. Ripoti yako baki nayo. Nitaliangalia lile daftari lake."

Nikasema sawa.

Jumatatu niliingia darasani mapema na kopo la mafuta ya taa na kitambaa, nimeazimia kufuta zile namba za viti zote, nimalize upuuzi wangu kabla hawajafika. Nikamkuta ameshafika. Alikuwa ametoa vitu vyake kwenye kiti cha ishirini na tisa, amevipanga mikononi, anapita nyuma taratibu akisoma namba moja moja. Akafika safu ya pili kutoka mwisho. Kutoka pale mlango bado unaonekana, lakini upepo haufiki.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba."

Nikalificha kopo nyuma yangu. Alifuta kiti kwa kiganja, palepale penye namba, akaweka madaftari yake, akakaa makalio yote.